Eda Isiyo na Mwisho: Mapenzi ya Uzeeni katika Filamu ya Kiajemi

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuyatazama mapenzi kama jambo la ujana. Katika ngano, riwaya na tamthilia nyingi tuzisomazo, wapendanao ni vijana, na wazee huwapo ama kuwazuia ama kuwapa baraka. Vikwazo vikiisha kuondolewa hufungwa arusi, na hadithi hukoma hapo, kwa kuwa msomaji aweza kujikisia mwenyewe miaka itakayofuata. Makala haya yanakusudia kuchunguza hadithi ya namna nyingine, yaani ile ambayo ndani yake wazee ndio wapendanao wenyewe.

Tumechagua filamu moja kuwa msingi wa mjadala wetu. Nayo ni Keyk-e Mahbub-e Man, iliyotungwa na kuongozwa na Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha wa Iran, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Berlin mnamo Februari 2024. Pale inapofaa tutailinganisha na filamu ya Kijerumani ya mwaka 1974, Angst essen Seele auf, ya mwongozaji Rainer Werner Fassbinder.

Swali linalotushughulisha ni moja. Katika filamu hii ya Kiajemi, mjane wa miaka 70 anapata mpenzi jioni moja, na kabla ya kupambazuka mpenzi huyo amekwisha kufa. Je, tukisome kifo hicho kama adhabu? Swali hili si dogo. Mtu aliyelelewa katika hadithi za mafunzo, ambazo mkosaji hulipwa kwa kosa lake mwishoni, aweza kulijibu haraka kwamba naam, mwanamke amevunja mwiko na ameonyeshwa matokeo yake. Sisi tunashikilia kwamba jibu hilo ni kosa la kihakiki, na kwamba chanzo chake ni kudhani kuwa hadithi ya mapenzi ya uzeeni ni ile ile ya ujana iliyotiwa mvi. Hadithi hii ina muundo wake, na ni kwa muundo huo tu ndipo mwisho wake unapoweza kufahamika.

Jina la filamu

Huenda msomaji akauliza filamu ya Kiajemi ina uhusiano gani na jarida la lugha za Kiafrika. Na aanze kwa kulitazama jina lake. Mtu ajuaye Kiswahili hahitaji mkalimani mkubwa ili kulielewa. Keyk ni keki, na lugha zote mbili zimelitwaa neno hilo kutoka Kiingereza. Mahbub ni mahabubu, neno ambalo Waajemi na Waswahili wamelipata katika Kiarabu, na ambalo limefungamana na mahaba, muhibu na huba. Basi jina lote twaweza kulifasiri "Keki Yangu Mahabubu", na mshairi wa Lamu au Mombasa asingetatizika nalo.

Yafaa pia kuangalia kwamba maneno mawili tutakayoyahitaji sana katika uchambuzi huu, yaani bustani na dirisha, wataalamu huyahesabu miongoni mwa maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiajemi. Hatutaki kujenga nadharia kubwa juu ya jambo hilo, kwani maneno husafiri na biashara, nayo hayaleti lazima fikira za watu walioyazaa. Twasema tu kwamba nyumba ya mjane huyu wa Tehran, pamoja na bustani yake, dirisha lake na jirani yake asikilizaye, si nyumba ngeni kwetu.

Muhtasari wa hadithi

Mahin, anayeigizwa na Lili Farhadpour, ni muuguzi mstaafu aishiye peke yake mjini Tehran. Mumewe alifariki yapata miaka 30 iliyopita. Bintiye anaishi nchi za nje, na mazungumzo yao ni ya simu, mara nyingi yakikatika kabla mama hajayamaliza aliyotaka kuyasema. Mahin hupata usingizi kwa shida, kisha huchelewa kuamka. Humwagilia maua, hununua chakula, hupika. Mara moja moja rafiki zake, wanawake wa umri wake, huja kula chakula cha mchana, nao hucheka na kutaniana juu ya maradhi na juu ya wanaume.

Baada ya karamu mojawapo Mahin anaazimia kutoka nje na kutafuta. Anakwenda katika hoteli aliyoijua zamani na kuukuta ulimwengu umebadilika. Anakwenda bustani ya watu wote, na huko anamtetea msichana asikamatwe na polisi wa maadili kwa ajili ya mtandio wake. Hatimaye, katika mkahawa wa wastaafu, anamwona Faramarz, anayeigizwa na Esmail Mehrabi. Huyu ni askari wa zamani ambaye sasa anaendesha teksi, naye ana miaka 70 vile vile. Mahin anasikia kwamba mtu huyu hana mke. Anamfuata kituoni, anaomba achukuliwe na yeye wala si dereva mwingine, na njiani anamkaribisha nyumbani kwake.

Sehemu iliyobaki inatukia jioni ile. Wanakula, wanakunywa mvinyo, ambao ni haramu kwa sheria ya nchi, Faramarz anatengeneza taa za bustani zilizokuwa zimeharibika siku nyingi, wanacheza dansi, wanasimuliana maisha yao. Mahin anatia keki jikoni. Keki inapokuwa tayari, mgeni wa kuila hayupo tena, kwa maana Faramarz amefariki kitandani. Mahin anamzika katika bustani ile ile.

Eda na mipaka yake

Kikwazo cha kwanza cha mapenzi haya ni ujane wenyewe, na hapa lugha yetu inatusaidia kuona jambo ambalo mtazamaji wa Ulaya aweza kulipita. Mjane wa Kiislamu, awe wa Tehran au wa Mombasa, hukaa eda. Muda wa eda ya kufiwa umewekwa na sheria, nao ni miezi 4 na siku 10. Eda ina heshima zake na makatazo yake, lakini ina mwisho pia. Siku ikifika mjane hutoka edani, na sheria ya dini haimkatazi kuolewa tena, awe kijana au mtu mzima.

Mahin amekaa miaka 30. Hakuna sheria iliyomtaka akae hivyo. Alilea watoto, alifanya kazi, wakati ukapita, na kimyakimya watu wote wakakubaliana kwamba mambo hayo kwake yamekwisha. Hii ndiyo eda tunayoiita isiyo na mwisho. Haikuandikwa katika kitabu chochote cha sheria, haina siku ya kutoka, na wasimamizi wake ni majirani, jamaa, na mara nyingine mjane mwenyewe.

Tukitazama upande wetu wa Afrika Mashariki, eda hii tunaifahamu vizuri, na lugha inaishuhudia. Tunayo methali isemayo ng'ombe hazeeki maini. Hata hivyo, methali hiyo aghalabu hutajwa kwa mzaha, na hutajwa juu ya wanaume. Mwanamke mzee katika mapenzi tumempa cheo kingine, cha somo au kungwi, yaani mwenye kumfunda mwari mambo ya unyumba. Ana maarifa yote ya mapenzi, lakini ni kwa ajili ya mtu mwingine. Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake maarufu katika miaka ya 1850, alikuwa mjane tayari, na alimtungia binti yake mawaidha ya jinsi ya kuishi na mume. Hatusemi kwamba utendi huo una upungufu, kwani lengo lake ni wasia, na wasia ulitimia. Tunasema kwamba mapokeo yetu yamemsikiliza mwanamke mzee akifundisha mapenzi, na ni mara chache mno yamemsikiliza akiyataka. Mahin ni kungwi aliyeondoka mahali pake na kuwa yeye mwenyewe mhusika mkuu.

Dirisha na bustani

Katika hadithi ya mapenzi ya vijana mpinzani ni mzazi, naye ana uso na jina. Mzazi aweza kubembelezwa, kudanganywa au kuaibishwa hata akubali. Wazee hawana wazazi wa kuwazuia. Ni nani basi huwazuia? Filamu hizi mbili zinajibu kwa namna inayofanana sana, ingawa zinatofautiana kwa miaka 50.

Katika filamu ya Fassbinder, Emmi, mjane wa makamo ya miaka 60 afanyaye kazi ya kusafisha majumba mjini Munich, anaingia katika kilabu cha pombe kujikinga na mvua. Hapo anakutana na Ali, kibarua kutoka Morocco aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Wanaoana. Majirani wanachungulia na kunong'ona ngazini, muuza duka anakataa kumhudumia Ali, wafanyakazi wenzake Emmi wanamtenga. Watoto wake wanapokusanywa kuelezwa habari, mmoja wao anaipiga teke televisheni na kuivunja. Jina la filamu limeandikwa kwa Kijerumani kisicho sahihi, kama akisemavyo Ali mwenyewe, na twaweza kulifasiri kwa kosa lile lile: "Hofu kula roho". Hofu hiyo ni hofu ya kutazamwa.

Tehran nako mpinzani ni macho na masikio. Faramarz akiwa ndani, jirani wa kike anagonga mlango kuuliza juu ya sauti ya mwanamume aliyoisikia. Methali yetu husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mahin anafanikiwa kumwondoa, lakini tangu hapo mtazamaji anajua kwamba furaha yote ya usiku ule inategemea ukuta mmoja mwembamba. Jirani huyu si mwovu kuliko majirani wengine. Nguvu yake ni kwamba nyuma yake imesimama dola, kwani mwanamume na mwanamke wasiooana kukutana faraghani, wakiwa na mvinyo mezani, ni jambo la kufikishwa mahakamani. Fassbinder alionyesha jamii ikifanya kazi ya polisi bila kutumwa. Moghaddam na Sanaeeha wanaonyesha jamii na polisi wakiwa na mlango mmoja.

Dhidi ya dirisha filamu inaweka bustani. Bustani ya Mahin imezungushiwa ukuta, nayo ndiyo mahali pa pekee ambapo yu nje na huru kwa wakati mmoja. Taa zake zilikuwa zimeharibika, na mgeni anazitengeneza. Kwa vijana zawadi ya mapenzi ingekuwa pete. Kwa wazee hawa ni taa iliyokufa kuwaka tena, zawadi ya mtu ajuaye kutumia mikono na ajuaye kwamba aishiye peke yake huacha vitu viharibike kwa kukosa wa kumtengenezea.

Hapana budi kutaja jambo moja la fani ambalo ni la maudhui pia. Tangu Mapinduzi ya mwaka 1979, kanuni za sinema za Iran zimewataka wanawake wafunike nywele mbele ya kamera, hata katika maonyesho ya nyumbani kwao wenyewe. Kwa hiyo mtazamaji wa Iran amezoea kumwona mama kwenye filamu akilala na mtandio, jambo ambalo hajaliona kwa mama yake. Mahin nyumbani kwake hana mtandio. Waongozaji walikataa kuonyesha uongo, na walikuwa wakipiga filamu hii wakati Mahsa Amini alipofariki mikononi mwa polisi wa maadili mnamo Septemba 2022. Walilipa gharama. Pasipoti zao zilichukuliwa wasiweze kwenda Berlin, na mwaka 2025 mahakama iliwahukumu kifungo cha miezi 14, adhabu ambayo utekelezaji wake uliahirishwa kwa miaka 5.

Wakati kama nguzo ya muundo

Tumesema kwamba hadithi ya mapenzi ya uzeeni ina muundo wake. Nguzo ya muundo huo ni wakati. Vijana katika hadithi wana wakati mwingi, na taharuki hutokana na kuchelewa: barua isiyofika, safari ndefu, mahari isiyotimia. Kungoja kwao ni sehemu ya utamu. Mahin hana anasa hiyo. Ndiyo sababu mambo ambayo katika hadithi nyingine yangejaza sura kumi, yaani kuonana, kuulizana habari, kuaminiana, kucheza pamoja, kuahidiana kesho, hapa yanatimia kati ya magharibi na usiku wa manane.

Mhakiki aliyezoea muundo wa ujana ataona haraka hii kuwa udhaifu wa utunzi, au utovu wa adabu kwa mhusika. Lakini haraka hii ina msingi. Mahin na Faramarz hawahitaji kujuana polepole kwa sababu wote wawili wanajijua tayari. Kijana hujigundua kwa kumpenda mwingine. Mzee huja na nafsi iliyokamilika, pamoja na makovu yake, akauliza tu kama kuna mtu wa kuketi naye. Mazungumzo ya wawili hawa ni ya watu wanaofungua masanduku yaliyokwisha kupangwa. Hivyo jioni moja inatosha, ijapokuwa si kwa kadiri wanavyotamani.

Kwa hali hiyo filamu haiwezi kuitwa futuhi wala tanzia kwa ukamilifu. Vichekesho vimo tele, hasa katika karamu ya wanawake na katika haya ya wazee wawili wasiojua waanzie wapi. Hata hivyo kila kichekesho kinasimama karibu na kifo, kwa kuwa miili ya wahusika yenyewe inakitaja: dawa, maumivu, uchovu. Uchungu na utamu havikupangwa kwa zamu, bali vimo pamoja katika kila onyesho.

Kifo cha Faramarz

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Wenye kusoma kifo hiki kama adhabu wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wawili hawa wamekunywa kilichokatazwa, wamekaa faragha bila ndoa, na kabla usiku haujaisha mmoja amekufa. Mpango huu ni ule ule wa hadithi ya maonyo. Aidha, mtu aweza kuwalaumu waongozaji na kuwaambia: kama mliwatakia wazee hawa mema, kwa nini hamkuwaacha waione asubuhi?

Tunayo majibu matatu. La kwanza, adhabu humpata mkosaji. Kwa mujibu wa jirani na dola, mkosaji mkubwa ni Mahin, kwa kuwa ni yeye aliyetafuta, aliyealika na aliyefungua mlango. Lakini Mahin hafi, hakamatwi, wala hatubu. Hadithi ya maonyo isiyo na majuto ya mkosaji ni hadithi iliyokosa kiungo chake muhimu.

La pili, filamu imekwisha kutuandaa. Katika mazungumzo yao Faramarz anakiri kwamba kifo chenyewe hakimwogopeshi. Kinachomwogopesha ni kufa peke yake. Mtu huyu alikuwa vitani, akarudi, ndoa yake ikavunjika, na sasa analala katika chumba ambacho angeweza kufa bila yeyote kujua. Usiku ule hofu yake inaondolewa. Anafia katika nyumba yenye harufu ya keki, na kuna mtu anayemlilia. Kwa Mahin ni msiba mkubwa. Kwa Faramarz ni jibu la dua ambayo pengine hakuthubutu kuiomba. Tukio moja limebeba mambo mawili kinyume, na hapo ndipo penye kinaya cha filamu nzima.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni maziko. Kama Mahin angewaita watu angelazimika kueleza maiti hii ni ya nani na ilifikaje kitandani. Eda isiyo na mwisho inamnyima hata haki ya kulia hadharani. Hana jina la kujiita: si mke, si jamaa, wala mjane wa marehemu huyu. Kwa hiyo anafanya peke yake kazi ambayo katika jumuiya yoyote hufanywa na watu wengi. Mtazamaji wa pwani yetu, ajuaye uzito wa kuosha, kukafini na kuzika, na ajuaye kwamba mazishi ni haki ya maiti juu ya walio hai, atahisi hapa uchungu kuliko katika kifo chenyewe. Kama kuna hukumu katika filamu hii, haikutolewa juu ya wapendanao. Imetolewa juu ya jamii ambayo imemfanya mwanamke mzee amzike mpendwa wake kwa siri, chini ya taa ambazo mpendwa huyo alizitengeneza.

Fassbinder alichagua njia nyingine. Ali hafi, anaanguka kwa ugonjwa wa vidonda vya tumbo, na Emmi anabaki kando ya kitanda chake hospitalini, huku daktari akieleza kwamba ugonjwa huo huwapata vibarua wageni mara kwa mara na hurudi tena. Lakini maana zinakaribiana. Katika filamu zote mbili mwili wa mwanamume ndio unaobeba gharama, na mwanamke mzee ndiye anayebaki kuuguza au kuzika. Na katika zote mbili aliyebaki hakani alichokipenda.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadithi ya mapenzi ya uzeeni haina budi kusomwa kwa kanuni zake. Mpinzani wake si mzazi bali ni jicho la jamii. Mwendo wake si wa kungoja bali ni wa kuwahi. Na kifo kinachotokea ndani yake si lazima kiwe hukumu, kwani kwa wahusika wa miaka 70 kifo ni jirani wa siku zote, ambaye angekuja hata kama wasingefunguliana mlango.

Jambo hili lina maana kwa kazi yetu ya kufundisha fasihi. Mwalimu anayewazoesha wanafunzi kutafuta adhabu kila mhusika anapokufa, anawafundisha kusoma kama jirani wa Mahin, yaani kwa kutega sikio ukutani ili kupata kosa. Kusoma vema ni kuuliza mtu huyu aliogopa nini, alitamani nini, na ni nani aliyekuwa naye mwisho ulipofika. Waandishi wetu nao wanayo nafasi wazi. Kungwi wa Kiswahili amefunda vizazi vingi vya maharusi, na bado twasubiri riwaya au tamthilia itakayomuuliza yeye mwenyewe, baada ya mwari kwenda zake na nyumba kuwa kimya, ni keki gani angependa kuipika, na ni nani angependa aje kuila.